Waliokaa Kwenye Jiwe

Jumatatu, 1 Machi 1999

Mwalimu Ndalahwa amenipa madaftari mawili na kalamu mbili za bluu. Daftari moja ni la kazi yake. Hili la pili kasema, "Hili ni lako, Mama Ooko, andika unachotaka." Sasa mimi niliyeishia darasa la saba niandike nini? Naandika kwamba maharage yako jikoni na Ooko amelala.

Kazi yenyewe ni hii. Mwalimu anafundisha hapa chuoni na huku anasomea shahada ya pili. Anachunguza namna wanafunzi wanavyopata marafiki. Nikacheka. Nikamwambia, Mwalimu, urafiki nao unasomewa? Akasema unasomewa sana. Akasema mwanafunzi ukimuuliza rafiki yako nani, atakutajia watu wa maana tu, lakini ukiangalia anakula na nani, hapo ndipo ukweli ulipo. Na wengi wanakula kwangu. Kwa hiyo kila mchana niandike nani kakaa na nani, na wapi. Kibanda changu kina sehemu tatu: meza ya mbao, benchi la ukutani, na lile jiwe bapa la nje ambalo Mungu aliliweka hapo kabla ya chuo.

Wanafunzi arobaini wamekubali kuandikwa, wametia na sahihi. Kila mmoja ana namba. Daftarini niandike namba, majina yabaki kichwani. Nimezishika zote arobaini kwa siku tatu, kama tulivyokuwa tunashika nyimbo za kwaya kule Shirati.

"Wanafunzi tu," akasisitiza. "Mlinzi, fundi, mpita njia, usiandike. Utanichanganyia kazi."

Muhula ukiisha ataniandikia barua nipokelewe masomo ya jioni. Nimemwambia baba Ooko. Akasema, "Haya, Profesa, niletee ugali."

Jumatano, 3 Machi

Mvua tangu asubuhi. Wamekula watu kumi na moja. Chenge, namba moja, mwaka wa tatu, mdomo wake haulali. Kashika chapati yangu akaipeperusha. "Mama Ooko, hii umeikanda au umeichapa viboko?"

Nikamwambia, "Ungechapwa wewe ungekuwa laini hivyo."

Wakacheka mpaka wa benchini.

Jumanne, 9 Machi

Leo mafuta yamechemka na Ooko analia mgongoni, nageuza chapati naogopa yatamrukia. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza, namba saba, ambaye hajawahi kusema neno zaidi ya "naomba maharage", akanyoosha mikono. "Nipe."

Nikampa. Akaenda kukaa naye nje kwenye jiwe, akala kwa mkono mmoja. Ooko kanyamaza palepale, mtoto mnafiki.

Anaitwa Modesta, kwao Sengerema. Mama yake alijifungua kitinda mimba mwezi uleule niliojifungua mimi. "Nimemwacha hajajua kukaa," akasema. Kisha akaona aibu kwamba amesema mengi.

Ijumaa, 12 Machi

Modesta tena na Ooko. Jiwe: saba, moja, kumi na nne.

Jumatano, 17 Machi

Siku hizi Modesta akifika hanisalimii hata mimi, anamchukua kwanza mwanawe. Nami napika mikono miwili, chapati zimekuwa nzuri mpaka Chenge kakosa la kusema.

Na kila mtu sasa anataka jiwe. Chenge anamfanyia Ooko vituko na kijiko. Jasmin, namba kumi na nne, anamwachia bangili zake atafune. Hata wale wa mwaka wa tatu wenye kutembea kama wamemeza fimbo wanainama: "Shikamoo Mkuu!" Wamempa jina, Mkuu wa Chuo, kwa sababu ana tumbo, hana nywele na akiulizwa jambo hajibu. Modesta anamjibia, "Marahaba, nendeni mkasome," kwa sauti nzito. Ndiyo utani wake pekee niliowahi kumsikia.

Jiwe leo: saba, moja, kumi na nne, ishirini na mbili, tisa, thelathini, tatu. Mkono umechoka.

Ijumaa, 26 Machi

Mwalimu ameniita ofisini kwake nione kazi yangu imezaa nini. Ukutani kuna karatasi kubwa. Kila namba ameizungushia duara, na waliokula pamoja wameunganishwa kwa mstari. Nimeona nyavu nyingi zikitandazwa ufukweni zishonwe, lakini wavu wa watu sijawahi kuuona. Pembeni kuna duara zenye mstari mmoja, nikazionea huruma. Katikati kabisa, mistari imejaa mpaka karatasi imekuwa nyeusi.

"Unajua huyu ni nani?" akauliza.

"Saba."

"Saba! Binti wa mwaka wa kwanza! Wote wanapitia kwake. Mimi ningebahatisha Chenge. Mama Ooko, hiki ni kitu kikubwa. Huyu ndiye kitovu."

Nilifurahi kama aliyeambiwa mdogo wake ameshika nafasi ya kwanza. Nikatoka nikitembea juu juu. Nimeandika mimi, na kitu kimeonekana.

Jumatatu, 29 Machi

Ulaya wamekataa samaki wetu. Kiwanda cha minofu anakofanya kazi baba Ooko kimewaambia wakae nyumbani mpaka waitwe. Amekaa mlangoni na gamboti zake miguuni, kama vile atatoka sasa hivi.

Jumatano, 7 Aprili

Pasaka imepita. Bwalo la chuo amepewa mzabuni, mtu binafsi, ati ndiyo mambo ya kisasa. Wanafunzi wanasema maharage yana wadudu, na ukilalamika unaambiwa hiyo ni nyama ya bure. Wamegoma kula kule. Leo kwangu wamekuja sitini. Nimeazima sufuria kwa jirani. Jiwe limejaa mpaka wengine wanakula wima. Ooko kapita mikononi mwa watu kama sahani ya sadaka, lakini akilia anarudishwa kwa Modesta.

Niliandika nilichoweza.

Alhamisi, 15 Aprili

Leo mambo yameharibika. Wanafunzi waliandamana hadi ofisi za utawala. Nilisikia nyimbo, kisha vioo. Nilikuwa nimeteremka kuchota maji, Ooko nimemwacha kwa Modesta kwa sababu ana homa. Nikapanda mbio, maji yananimwagikia. Nikawakuta palepale kwenye jiwe, amemfunika na kanga yangu, anampepea na daftari lake la Uchumi.

"Wewe hukwenda?"

"Niende wapi na mgonjwa?" akasema.

Jumanne, 20 Aprili

Mzee Antoni, mkuu wa nidhamu, amekuja kula kwangu. Hajawahi. Nilimwamkia nikafuta meza mara mbili. Mzee mpole, kashukuru chakula, kamuuliza Ooko jina. Akasema ameona ile karatasi ofisini kwa Mwalimu Ndalahwa, na ameambiwa macho yaliyofanya kazi ile ni yangu.

"Umesoma mpaka wapi, binti yangu?"

"Darasa la saba, mzee."

"Basi wengine tumesoma bure." Tukacheka. "Na yule saba, yule wa katikati, ndiye nani? Mwalimu hakuwepo nimuulize."

Nikamwambia. Nilimwambia kwa furaha yote. Nikasema ni Modesta, binti mzuri ajabu, wote wanampenda, siku haipiti bila watu kumzunguka. Nilidhani wanatafuta mwanafunzi wa kupewa zawadi. Kwetu shuleni mwenye tabia njema alipewa sabuni na daftari.

Ijumaa, 23 Aprili

Jasmin kaja na kilio. Kwenye ubao wa matangazo wameandika kwamba Modesta amesimamishwa masomo kwa kuongoza mgomo na uharibifu. Atahojiwa na kamati tarehe tano.

Nilikuwa nakanda unga. Nikaendelea kukanda. Ulikuwa umeshalainika zamani, nami naendelea tu.

Jumatatu, 26 Aprili

Nimekwenda kwa Mwalimu. Karatasi haipo ukutani, wameichukua. Amekaa mikono kichwani.

"Nilikwambia majina yabaki kichwani mwako," akasema.

"Ulisema nisiyaandike. Hukusema nisimwambie mzee wa watu akiniuliza."

Akatoa mikono kichwani. Kisha mwenyewe akasema karatasi ile alipaswa kuiweka kabatini, si ukutani. Aliitundika kwa sababu aliipenda.

Nikamuuliza, kwani kukaa na watu ni kuongoza mgomo? Akasema wenzake wamefikiri hivi: vurugu kubwa lazima iwe na kichwa, na kichwa ni yule ambaye wote wanapitia kwake.

"Lakini, Mwalimu, walikuwa wanapitia kwa Ooko."

"Kwa nani?"

"Mtoto. Modesta alikuwa amempakata. Watu wakija wanamchezea mtoto. Yeye anakula kwa mkono mmoja, hata haongei."

Akanigeukia. "Kila siku?"

"Kila siku."

"Mbona hukuandika?"

"Ulisema wanafunzi tu."

Akachukua daftari lake akaanza kulifunua ukurasa kwa ukurasa. Saba, moja, kumi na nne. Saba, tisa, thelathini. Mwandiko wangu mzuri, nimepiga mistari kwa rula. Na katika kurasa zote zile mwanangu hayumo.

Jumatano, 28 Aprili

Kila mtu hapa anajua aliyeongoza ni Chenge. Nimemngoja njiani anakopita kuoga ziwani.

"Baba, wewe ndiye uliyesimama juu ya pipa ukaimba. Nenda ukaseme."

Hakuleta utani. "Mama Ooko, nimebakiza mitihani sita."

"Na yeye amebakiza miaka miwili na zaidi."

"Watamsamehe. Yeye ni msichana, na hajafanya kitu. Mimi watanifukuza kabisa."

"Basi kwa sababu hajafanya kitu ndiyo aadhibiwe yeye?"

Akatazama ndala zake. Nilimpenda huyu kijana kwa mdomo wake. Leo ninamwona ni mtoto mrefu tu.

Jumatatu, 3 Mei

Mvua, mvua. Baba Ooko anasema nisiende kwenye kamati. "Kibanda kiko kwenye ardhi yao. Wakikuondoa, mimi kiwandani hakuna, tutakula hayo madaftari?" Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana ilinichoma.

Jumatano, 5 Mei

Nimekwenda. Nilivaa gauni la kanisani, Ooko nikambeba mbele waweze kumwona.

Chumba kina meza ndefu, wao watano, Mzee Antoni katikati. Modesta amekaa kwenye kiti peke yake, magoti yamebanana. Mwalimu Ndalahwa yupo kando ya ukuta. Alisema kwanza yeye, maneno marefu, kwamba kazi yake haikuwa ya kutafuta wakosaji, kwamba mstari kwenye karatasi unaonyesha watu wamekula pamoja, hauonyeshi walichosema. Alisema vizuri. Lakini alikuwa anajifuta jasho, na mmoja wao akamwambia, "Ndalahwa, wewe mwenyewe uliandika hapa *kitovu*." Wakamwonyesha maneno yake. Akakaa.

Nikaitwa. Nikasema siku ya vurugu Modesta alikuwa kwangu, anamshikia mtoto mwenye homa.

Mzee Antoni akatikisa kichwa taratibu. "Ndivyo tulivyotegemea. Kiongozi hodari haonekani mbele. Anawatuma wenzake, yeye anakaa mahali pa salama."

Nikaona maneno yangu yamekwenda kumsaidia adui. Nikasema haraka haraka kwamba wale watu walikuwa wanakuja kwa mtoto, siyo kwa Modesta, na mimi sikumwandika mtoto kwa sababu si mwanafunzi.

"Watu sitini," akasema yule wa pembeni, "wasomi wa chuo kikuu, wamfuate mtoto mchanga?"

"Ndiyo, mzee. Wako mbali na kwao."

Hapo wakatazamana. Nilidhani wamesikia. Kisha yule wa pembeni akafungua faili. "Tumeambiwa pia kwamba kwenye hilo jiwe walikuwa na mtu wanayemwamkia kwa jina la Mkuu wa Chuo. Ni nani huyo?"

Nilimwinua Ooko. Alikuwa na uji kidevuni. "Ni huyu."

Basi wakakasirika. Wakasema nimekuja kufanya mzaha na chuo. Mwingine akaniuliza kama najua pale kibandani nimewekwa kwa hisani tu. Mzee Antoni akawanyamazisha, akaniangalia kama mtu anayenionea huruma kweli. "Binti yangu, usijitese. Siku ile nilipokuuliza, bila hofu na bila kulazimishwa, ulinitajia nani?"

Nikamfuta Ooko uji kidevuni.

"Ulinitajia nani?"

Modesta akageuza kichwa. Hakuwa anajua. Mpaka saa ile hakuwa anajua jina lake lilitoka mdomo gani.

Ooko alimwona, akamnyooshea mikono. Akaanza kulia, tukaambiwa tutoke.

Ijumaa, 7 Mei

Amefukuzwa.

Jumatatu, 10 Mei

Alikuja asubuhi, kabla sijawasha moto. Ana begi moja na godoro lililofungwa kamba. Nilitaka kupiga magoti. Akasema, "Usinifanyie hivyo, dada Adoyo," na akanyoosha mikono vilevile kama siku ya kwanza. "Nipe."

Akakaa naye kwenye jiwe. Jiwe lilikuwa na maji ya mvua, akalifuta kwa sketi. Mimi nikasimama mbele yake nikamwambia yote, namna mzee alivyonisifu, namna nilivyofurahi, ile sabuni na daftari za shuleni. Alisikiliza huku akimsafisha Ooko masikio kwa ncha ya kanga.

"Unajua nilicheka," akasema. "Waliponiambia ati nina watu sitini. Dada, mimi pale chuoni sina rafiki hata mmoja. Bwenini nalala kitanda cha mlangoni, hakuna anayeniuliza umeamkaje. Walikuwa wanamsalimia Ooko. Hata jina langu wengine hawalijui. Mimi nilikuwa nakuja hapa kwa sababu yenu. Wewe na huyu."

"Utawaambiaje nyumbani?"

"Sijui. Baba aliliambia kanisa zima."

Nilimsindikiza hadi kwenye kivuko, godoro nimelibeba mimi kichwani, yeye kambeba Ooko. Chenge hakutokea. Jasmin alituma bangili moja, basi. Kengele ilipolia akanirudishia mtoto, na mtoto akamshika nywele, ikabidi nimfungue kidole kimoja kimoja. Hilo nililifanya mimi, kwa mikono yangu.

Kivuko kikaenda. Nilisimama mpaka hakuna cha kuangalia. Mtu mmoja akaniuliza kama nami navuka.

Jumatano, 19 Mei

Wanafunzi wamepata habari namna kazi ya daftari ilivyotumika. Wanakuja mmoja mmoja. Mmoja akikuta mwenzake benchini, anasema, "Nifungie." Namfungia chapati kwenye gazeti, anaondoka anakula njiani.

Nimewaambia siandiki tena. Wanasema, "Tunajua, Mama Ooko," na wanaangalia mkono wangu.

Jumamosi, 22 Mei

Mvua. Hakuna mtu.

Jumatano, 2 Juni

Chenge amekuja, wa mwisho kabisa, vyombo nimeshaosha. Amekonda. Kasema mitihani inaanza Jumatatu. Nikampa chai. Ooko sasa anatambaa, akamfuata akamshika suruali, anangoja kijiko. Chenge akatazama kushoto na kulia kama mwizi, kisha akainama akamtoa vidole polepole, akaniwekea kikombe mezani, akaenda. Chai hakuimaliza.

Nilifikiri nitamchukia. Sina hata nguvu hiyo.

Jumatatu, 7 Juni

Kiwanda bado. Baba Ooko amezitundika gamboti ukutani. Nimemwandikia Modesta barua ya tatu kupitia parokia ya kwao. Hazijarudi na hazijajibiwa. Nasema pengine ni posta. Pengine mvua ilikata barabara kule. Huenda kesho jibu likaja.

Ijumaa, 11 Juni

Mvua imekatika kabisa, ziwa limetulia, linameta mpaka macho yanauma. Mwalimu Ndalahwa ameleta barua aliyoniahidi. Hakukaa. Amesema chuo kimemtaka abadilishe somo la utafiti, naye amebadilisha. Barua ina mhuri. Inasema kwamba Bibi Adoyo ni mtu mwangalifu na mwaminifu, na anaandika kila anachokiona bila kuacha kitu.

Nimeisoma mara mbili. Nimeiweka chini ya godoro. Sijui kama nitakwenda nayo. Lakini sijaichana.

Aliniachia pia lile daftari la kazi, akasema halina matumizi tena. Zimebaki kurasa tano nyeupe. Saa sita, chapati zimepoa, hakuna aliyekaa mezani, hakuna wa benchini. Nikamweka Ooko kule nje nimwone vizuri. Siku hizi anajua kukaa bila kushikwa. Alikuwa anapiga mahali pa wazi kando yake kwa kiganja, pa, pa, pa, huku anatazama njia ya bwenini.

Nikachukua rula, nikapiga mstari, nikaandika tarehe. Nimeandika hivi:

*Jiwe: Ooko, miezi kumi. Peke yake.*